Haja Ndogo, Neno Kubwa: Maji ya Mwili, Tafsida na Dawa ya Dharura Garissa

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kupata humu makala ya ushairi, riwaya na isimujamii. Huenda basi wakashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akiwaletea habari za utumbo na figo. Naomba wanistahimilie. Nilizaliwa na kulelewa mjini Garissa, ukingoni mwa Mto Tana, katika nyumba ya Wasomali, na Kiswahili nilikipata shuleni na barabarani kabla ya kukipenda vitabuni. Kwa wengi wetu wa Garissa, Wajir na Mandera, Kiswahili ni lugha ya stendi ya basi, ya kituo cha polisi na ya hospitali; si lugha ya jikoni. Muuguzi aliyetoka Machakos au Kisii na mama aliyetoka Modogashe au Liboi hukutana katikati ya lugha hiyo, na mara nyingi anayewakutanisha ni mtoto wa shule. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka 12, nilifuatana na mama hadi kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miezi 14, alikuwa akihara tangu alfajiri. Muuguzi alipoambiwa kwamba tumbo linamsumbua mtoto, aliuliza bila kuzunguka: “Anakojoa?” Benchini walikuwa wameketi wazee wawili wa mtaa wetu. Nilishindwa kulitamka neno hilo mbele yao kwa lugha ambayo wangeielewa vyema. Nikamgeukia mama na kumwuliza kwa Kisomali, kwa adabu yote niliyofunzwa, kama mtoto amekwenda msalani. Mama akajibu kwamba tangu alfajiri amekwenda mara zisizo na idadi. Nikamgeukia muuguzi na kusema, “Ndiyo, sista. Sana.”

Mama alikuwa akizungumzia kuhara. Mkojo haukuwa umelowesha nguo ya mtoto tangu jioni ya jana yake. Muuguzi alikuwa akiuliza kuhusu mafigo. Tukapewa pakiti mbili za unga na kurudishwa nyumbani.

Makala haya yanakusudia kulieleza swali lile la muuguzi: kwa nini aliuliza mkojo ilhali aliyeugua ni tumbo, na kwa nini tafsida yangu ilikuwa kosa la tiba kabla ya kuwa kosa la tafsiri. Ili kufika huko hatuna budi kuufuata mkondo wa maji mwilini, kuanzia kinywani hadi kibofuni.

Njia ya chakula ni njia ya maji

Katika madarasa yetu neno tumbo hutumiwa kufundishia polisemia. Tumbo ni mfuko unaopokea chakula, ni eneo lote lililo kati ya kifua na nyonga, na ni mimba. Kwa mwalimu wa semantiki huo ni utajiri. Kwa mgonjwa ni shida, kwa sababu “tumbo linaniuma” haisemi ni tumbo lipi. Hapa nitauita ule wa kwanza mfuko wa tumbo.

Chakula hutafunwa na kuchanganywa na mate, ambayo huanza kuuvunja wanga papo hapo kinywani. Hushuka kwa umio hadi kwenye mfuko wa tumbo, ambako asidi kali huua vijidudu vingi na kuanza kuzivunja protini. Kutoka hapo huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6. Huko nyongo iliyotengenezwa na ini huyayeyusha mafuta, na kongosho huleta vimeng’enya vya kumalizia kazi. Virutubisho hufyonzwa na kuingia damuni. Mabaki hupita katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, kisha hutolewa. Hayo yote yamo katika vitabu vya shule ya msingi na sina haja ya kuyarefusha.

Jambo ambalo sikufundishwa shuleni ni kiasi cha maji kinachopita humo. Mtu mzima hunywa takriban lita 2 kwa siku, pamoja na maji yaliyomo katika chakula. Juu ya hizo, mwili wenyewe humwaga ndani ya njia hiyo lita nyingine karibu 7: mate, majimaji ya mfuko wa tumbo, nyongo, majimaji ya kongosho na ya ukuta wa utumbo. Jumla hiyo hukaribia lita 9. Lakini katika choo cha mtu mwenye afya hutoka mililita 100 hadi 200 tu. Maji yote mengine hurudishwa damuni, sehemu kubwa na utumbo mwembamba na salio na utumbo mpana. Kwa hiyo utumbo ni mfereji wa kuazima maji na kuyarudisha. Kuhara ni kuazima kusikofuatwa na kurudisha.

Mchungaji wa kwetu angelielewa jambo hili upesi kuliko mimi, kwa maana anamjua ngamia. Kinyesi cha ngamia hutoka kikavu hivi kwamba hakichukui muda kufaa kuwa kuni, kwa sababu utumbo wake umefyonza karibu kila tone. Mkojo wake ni mchache na mzito. Ngamia huweza kupoteza zaidi ya robo ya uzito wake kwa njia ya maji na bado akatembea hadi kisimani, na akifika hunywa zaidi ya lita 100 kwa muda wa kama dakika 10. Binadamu hana uwezo huo. Mtoto mchanga aliyepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa kukosa maji yuko katika hatari ya kufa. Mdogo wangu alikuwa na uzito wa kama kilo 9. Sehemu yake ya kumi haifiki lita moja.

Mafigo si mafiga

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha wakati wa mazoezi ya ualimu aliandika katika insha kwamba mgonjwa alipelekwa hospitalini “baada ya mafiga yake kuharibika”. Darasa lilicheka. Mafiga, kama tujuavyo, ni mawe matatu ya jikoni. Hata hivyo nilipokuwa nikisahihisha insha ile nilikumbuka kwamba mimi nilifika chuo kikuu bila kujua kwa hakika mafigo yako upande gani wa mwili. Yako nyuma, kandokando ya uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Ndiyo maana mwenye maradhi ya figo mara nyingi husema anaumwa na mgongo.

Kila figo lina vichujio vidogo takriban milioni moja. Kwa pamoja mafigo mawili huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, kisha hurudisha karibu yote na kubakiza lita moja hadi mbili za mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, ambako huhifadhiwa mpaka mtu ahisi haja. Anayeamua ni maji kiasi gani yarudishwe ni ubongo: damu inapokuwa nzito, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni inayoliamuru figo lishike maji. Mkojo hupungua na rangi yake hukolea. Mtu aliyekunywa maji ya kutosha hutoa mkojo wa rangi hafifu kama maji yaliyokamuliwa ndimu. Aliyekauka hutoa mkojo wa rangi ya strungi. Katika joto la Garissa, ambapo kipimajoto hupita nyuzi 35 kwa wiki nyingi za mwaka, kila mtu anaweza kujipima kwa njia hiyo bila kulipa senti. Wenye kutafuna miraa wangefaidika zaidi na kipimo hiki, maana miraa huondoa hamu ya chakula, hufunga choo na hata huzuia mkojo utoke kwa urahisi. Mkojo mzito wa siku nyingi pia huzaa vijiwe vya figo, na aliyewahi kuumwa navyo hahitaji kusimuliwa.

Ukavu ukizidi, homoni pekee haitoshi. Shinikizo la damu hushuka, damu inayofika kwenye mafigo hupungua, na uchujaji husimama. Figo lisilopata damu kwa saa nyingi huanza kufa. Kwa hiyo mtoto anayehara na bado anakojoa ana damu inayofika kwenye mafigo. Anayehara na amekoma kukojoa yumo katika dharura. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya swali la neno moja la muuguzi. Swali lilihusu mkojo, lakini jibu lingemweleza hali ya damu ya mtoto. Mimi nikampa habari za utumbo zikiwa zimevishwa jina la figo.

Ugonjwa unaopindua

Hatukuambiwa ni kijidudu gani kilichomwingia mdogo wangu. Huenda kilikuwa kirusi cha rota, ambacho ni chanzo kikubwa cha kuhara kwa watoto wadogo na ambacho chanjo yake iliingia katika ratiba ya taifa nchini Kenya mwaka 2014, akiwa amekwisha kuwa mkubwa. Lakini ugonjwa unaofundisha vizuri zaidi jinsi utumbo unavyoweza kupotoka ni kipindupindu. Sikio langu husikia ndani ya jina hilo kitenzi pindua, na kama ndivyo, aliyelibuni alikuwa mtazamaji makini: mkondo wa maji hupinduliwa kweli.

Bakteria wa kipindupindu hawaingii damuni wala hawali nyama ya utumbo. Hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo huzilazimisha seli za ukuta kumwaga chumvi ndani ya utumbo bila kukoma, na maji huifuata chumvi popote iendapo. Choo hugeuka kuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Mtu mzima aliyeshambuliwa vibaya huweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Asipotibiwa anaweza kufariki kabla ya siku kuisha, akiwa na fahamu zake.

Pwani yetu inaufahamu ugonjwa huu tangu karne ya 19. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko mkubwa wa 1869 hadi 1870, aliandika kitabu kizima juu ya milipuko ya Afrika Mashariki, kilichochapishwa London mwaka 1876. Mkumbo wa sasa wa dunia ulifika Kenya mwaka 1971. Kaskazini Mashariki umetutembelea mara kwa mara, na huja kwa milango miwili inayopingana, yaani ukame na mafuriko. Wakati wa ukame watu na mifugo hubanana kwenye kisima kimoja. Wakati wa mafuriko vyoo hufurika na kuchanganyika na maji ya kunywa. Katika kambi za Dadaab, ambazo zilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Somalia, mlipuko ulioanza Novemba 2015 uliendelea hadi mwaka 2016 na kuwapata zaidi ya watu elfu moja. Mwaka 2022, baada ya misimu kadhaa mfululizo ya mvua kukosekana, ugonjwa ulirudi tena Dadaab na katika kaunti ya Garissa.

Siri ya chumvi na sukari

Dawa kuu ya dharura hii haitoki katika sindano. Ni unga wa chumvi na sukari katika pakiti, ambao kila mama wa Garissa anaujua kwa jina la ORS hata kama hajui herufi hizo zinasimamia nini. Kwa muda mrefu niliudharau. Niliuona ni kitu cha kumpa mama mikononi ili asirudi mikono mitupu. Nilikuwa nimekosea kabisa.

Ukuta wa utumbo una milango mingi ya kuingizia chumvi. Sumu ya kipindupindu huivuruga baadhi yake, lakini upo mlango mmoja ambao hauugusi. Mlango huo una masharti: sodiamu haipiti humo ila imefuatana na glukosi, na glukosi haipiti ila imefuatana na sodiamu. Zikiingia pamoja, maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza wazo hilo katika mkutano mjini Prague mwaka 1960. Basi maji matupu hayamtoshi anayehara, chumvi peke yake haimfai, na sukari nyingi mno humzidishia kuhara kwa kuyavuta maji kuelekea utumboni. Vitatu kwa pamoja, kwa kipimo, humwokoa hata wakati sumu ingali ikifanya kazi yake.

Uthibitisho mkubwa ulitokea katika kambi ya wakimbizi, na hapo ndipo Dadaab hunijia akilini. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Huko Bangaon, mpakani, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mshipani huku wagonjwa wa kipindupindu wakilala sakafuni. Akaamuru chumvi na glukosi zipimwe, zichanganywe na maji katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo miongoni mwa waliotibiwa vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Wanyweshaji hao hawakuwa na mafunzo ya udaktari. Walikuwa mama, baba, shangazi na ndugu.

Mchanganyiko unaotumika tangu 2002, uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, una chumvi kidogo kuliko ule wa awali. Kwa kila lita moja ya maji kuna gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Potasiamu imewekwa kwa kuwa mwenye kuhara huipoteza kwa wingi, na misuli yake, pamoja na moyo, huihitaji.

Sasa turejee kwenye lugha. Zipo pakiti za lita moja, na zipo za nusu lita. Mama yangu aliambiwa “changanya na maji safi, umpe mtoto”, nami nikatafsiri hivyo hivyo. Hakuna aliyetaja kipimo, nami sikuuliza. Tulipofika nyumbani mama alimimina pakiti nzima katika bilauri ya chai, akiamini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeamini, kwamba dawa nzito ni dawa kali. Maji yenye chumvi nyingi kupita kiasi huyavuta maji kutoka katika seli, na mtoto huzidi kukauka, hata kupata degedege. Yaliyozimuliwa mno nayo hayana nguvu. Kikombe, bilauri na jagi si vipimo. Ni vyombo, na kila nyumba ina vyake. Chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa nusu lita ni kipimo, nayo inapatikana hata Liboi. Anayepewa pakiti ya lita moja ajaze chupa hiyo mara mbili.

Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu visifanye kilima, katika lita moja ya maji safi huweza kumshikilia mgonjwa hadi afike hospitalini. Maji yachemshwe na kupozwa kabla ya kuchanganywa, na mchanganyiko wowote umwagwe baada ya saa 24. Mtoto asiyefikia miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara. Aliyezidi hapo hupewa 100 hadi 200. Akitapika, asubiriwe dakika 10 kisha aanze tena, kijiko kwa kijiko. Kunyonya kusikatizwe. Dhana kwamba tumbo linaloendesha linyimwe maji ili lipumzike nimeisikia Garissa na nimeisikia Mombasa, na sijui dhana nyingine ya nyumbani inayoua kwa upole kiasi hicho.

Dawa zinazofaa na zinazodhuru

Pamoja na ORS, mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajafikisha miezi sita. Zinki hupunguza muda wa kuhara na huukinga utumbo katika miezi inayofuata. Kina mama wengi huiacha siku kuhara kunapokoma. Hilo nalo ni suala la lugha, kwa sababu neno dawa katika matumizi yetu ya kila siku humaanisha kitu cha kuondoa maumivu, na maumivu yakiisha dawa imemaliza kazi.

Aliyekauka sana, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyobonyea na ngozi ambayo ikifinywa tumboni hairudi upesi, huyo hutundikiwa maji ya mshipani, hasa yale yaitwayo Ringer. Hayo ni ya hospitali na hayana mjadala, ila niongeze kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, na tunao wengi wakati wa ukame, huwa na taratibu zake: moyo wake hauwezi kustahimili maji mengi ya ghafla, hivyo si kila mtoto aliyekonda anayekimbiliwa na chupa ya maji ndiye anayesaidiwa. Katika kipindupindu kikali daktari huweza kuongeza kiuavijasumu kama vile doksisaiklini au azithromaisini. Dawa hizo hufupisha ugonjwa, lakini hazishiki nafasi ya maji.

Zipo pia zile zinazonunuliwa dukani kwa nia njema. Loperamidi hufunga choo kwa kuutuliza mwendo wa utumbo. Kwa mtoto mdogo ni hatari, na katika kipindupindu huyafungia maji ndani bila kuyarudisha damuni, hata mtu akadhani amepona huku akiendelea kukauka. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza kwa maumivu ya tumbo na viungo, hupunguza damu inayoingia katika mafigo. Kwa mtu mwenye maji ya kutosha madhara huwa madogo, na kwa kweli diklofenaki ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa kwa maumivu makali ya kijiwe cha figo. Kwa aliyekauka, kidonge hicho hicho huweza kuwa msukumo wa mwisho.

Tafsida mlangoni mwa hospitali

Tunafundishwa kwamba tafsida ni tunu ya lugha yenye staha. Sina ugomvi na hilo; tasnifu ninayoiandika inahusu tafsida katika tamthilia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoiheshimu. Ila tuitazame orodha tuliyo nayo katika uwanja huu: haja, haja kubwa, haja ndogo, choo, msalani, kujisaidia, kuendesha. Choo ni mahali na ni kinyesi. Haja bila kivumishi ni yoyote kati ya mbili. Kujisaidia vivyo hivyo. Karibu kila neno la adabu tulilo nalo linaufuta mpaka ulio kati ya utumbo na figo, na mpaka huo ndio muuguzi anaouhitaji. Tafsida yetu imejengwa kwa ajili ya sebuleni. Kisomali nacho kina sitara zake. Kaadi na shuban, yaani mkojo na kuhara, ni maneno yaliyo wazi kabisa, lakini binti wa miaka 12 hayatamki mbele ya wazee.

Hata hivyo, miaka ile ile niliyokuwa nikiona haya hospitalini, nilikuwa nikienda madrasa kila jioni. Huko mwalimu wetu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alitufundisha tohara akitaja mkojo na kinyesi kwa majina yake, akieleza kipi ni najisi na kinaoshwaje, wavulana na wasichana tukisikiliza, na hakuna aliyecheka. Alitwambia hakuna haya katika kujifunza dini. Kwa hiyo jamii yetu inalo tayari jukwaa ambamo maneno haya husemwa bayana bila kuvunja heshima. Waswahili nao husema mficha uchi hazai. Kilichokosekana ni kulihamisha jukwaa hilo hatua mia chache, kutoka madrasa hadi zahanati.

Hapa wanachama wa chama chetu wana kazi. Istilahi zipo: Tanzania imefundisha sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ambacho hatujafanya ni kukaa na wauguzi na kina mama wa Garissa na kuandika maswali kumi ya dharura kwa Kiswahili na Kisomali, yaliyojaribiwa kwa watu halisi, yasiyo na neno lenye maana mbili. Mengi yake yataepuka haya kwa kuuliza juu ya vitu badala ya vitendo. “Nguo ya mtoto ililowa mkojo mara ya mwisho lini?” “Mkojo ulikuwa na rangi gani, ya ndimu au ya strungi?” “Tangu alfajiri amehara mara ngapi?” “Akilia, machozi yanatoka?” “Chombo utakachochanganyia dawa kinajaa chupa ngapi za nusu lita?” Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyafasiri hayo mbele ya wazee wowote.

Usiku ule tulirudi kituoni mdogo wangu akiwa hafumbui macho. Muuguzi wa zamu alikuwa mwingine, mwanamke wa makamo kutoka ukingo wa Tana, Mpokomo aliyejua Kisomali cha kuombea maji. Hakuniuliza mimi kitu. Aliipapasa nguo ya mtoto, akaunusa mkono wake, akamtazama mama, akatikisa kichwa. Kisha akautafuta mshipa. Maji yalipita usiku kucha, ya haraka kwanza na ya polepole baadaye, na kulipopambazuka mama alikuwa ameketi na mtoto mapajani pale pale kwenye benchi la jana, wazee wengine wakiwa wamekwisha kuwasili kusubiri zamu zao. Ghafla akainuka. Buibui lake lilikuwa limelowa mbele. Akaliinua mbele ya watu wote na kupaza sauti, mara tatu, kwa neno ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka nje ya nyumba yetu: “Kaadi! Kaadi! Kaadi!” Wazee wakaitikia kwa kumshukuru Mungu.